Umeuza friji yako kwenye grupu, TRA wanakudai?

Inboksi yangu imejaa jamani. Kuna voisi imezunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua ya huku Mtwara na Lindi, mtu anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba siku hizi ukiposti kitu unauza, hata kama ni sufuria lako la zamani, lazima uwe na TIN, yani namba ya mlipa kodi, na ulipe kodi, na wasiokuwa nayo wanafuatwa majumbani. Chanzo chake nadhani ni lile tangazo la TRA, Mamlaka ya Mapato, la mwaka 2025 la kuwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wakajisajili. Tangazo lipo kweli, ila liliwahusu wafanyabiashara, sio kila mwenye sufuria. Nimechagua barua chache zinazogusa mambo tofauti, majina nimeyaweka pembeni kama kawaida yetu.

*Shikamoo anti. Mimi ni mwalimu huku Nachingwea, nimepata uhamisho wa kwenda Geita na hela ya kuhamia sijui inatoka lini, kwa hiyo nimeamua kuuza vitu vya ndani kuliko kukodi fuso. Nimeposti friji, sofa seti, kitanda cha tano kwa sita, tivii ya inchi 43 na jiko la gesi. Vyote nitapata kama milioni 2 na laki 6, wakati kuvinunua vilinitoka kama milioni 4 na laki 8. Admini wa grupu anasema bila TIN ya biashara anafuta posti zangu. Nalipa kodi? Na nikifika Geita niripoti TRA ya kule?* (Mwalimu, Nachingwea)

Marahaba mwalimu, hongera ya uhamisho kama uliuomba mwenyewe, na kama hukuuomba basi pole. Hulipi kitu na huna cha kuripoti, sio Nachingwea wala Geita.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inaangalia pesa kutoka sehemu tatu, yani ajira, biashara na uwekezaji. Ajira yako inakatwa kabla hata hujaiona. Biashara huna, hukununua hilo sofa ili uje uliuze, ulinunua ukalie ukisahihisha madaftari. Na huko kwenye uwekezaji, mali ambazo ukiziuza kwa faida unadaiwa zimetajwa kwenye sheria yenyewe, ni ardhi na nyumba, hisa za kampuni na vitu vya namna hiyo. Friji ya nyumbani haimo, kitanda hakimo. Na hata vingekuwemo, wewe umenunua kwa 4.8 unauza kwa 2.6, hapo faida iko wapi mwalimu wangu, mtu anatozwa kwenye alichopata, sio kwenye hasara.

Huyo admini mwache na grupu lake, ni mlango wake ana haki ya kuweka masharti anayotaka, ila asiseme ni sheria ya TRA. Hamia grupu lingine, yapo mengi, na kama msimu wa korosho bado haujaisha huko kwenu basi hutapata shida ya wateja, mwezi wa 11 na wa 12 mtu akishalipwa za mnada anatafuta tivii kabla hajatafuta bati.

Kitu kimoja tu nakushauri. Tivii na friji usimpe mtu mkono kwa mkono ukaondoka hivihivi. Chukua karatasi, andika tarehe, kitu gani, bei gani, jina lake na namba yake ya simu, msaini wote wawili na kila mmoja apige picha abaki nayo. Meseji za malipo usizifute. Inakusaidia siku mtu akija kuuliza hizi milioni mbili na ushee zilizoingia kwenye simu yako mwezi mmoja ni za nini, na inamsaidia mnunuzi akisimamishwa njiani na tivii kwenye bodaboda saa mbili usiku. Halafu godoro liuze la mwisho, watu wengi wanauza godoro siku ya kwanza kwa sababu ndo linagombaniwa, af wanalala wiki nzima kwenye mkeka.

*Mambo anti, mi niko Magomeni hapa Mtwara mjini. Nilianza kwa kuuza friji yangu mwenyewe ikaondoka siku hiyohiyo, nikaona kumbe hapa kuna hela. Sasa nawanunulia watu wanaohama na wanachuo wanaomaliza, fundi anaangalia gesi na kompresa, nafuta nafuta napiga picha naposti. Mwaka huu nimeuza friji kama 18 kwa wastani wa laki 3 na nusu moja. Faida yangu kila friji ni kama elfu hamsini tu na hapo fundi sijamtoa. Nasikia ukiwa chini ya milioni 4 hulipi, na mimi faida yangu haifiki hata milioni moja, kwa hiyo niko salama si ndio?* (Dada wa Mafriji, Magomeni)

Hapana mdogo wangu, na hapa ndo wengi wanapojikwaa kwa hiyo naomba usome pole pole.

Ile milioni 4 sio faida, ni mauzo. Mauzo ghafi, yani kila hela uliyopokea kwa mteja kabla hujatoa ya kununulia, ya fundi, ya guta, ya bando. Piga 18 mara 350,000 unapata milioni 6 na laki 3. Umeshaivuka.

Na biashara ni biashara, hiyo friji ya kwanza ilikuwa yako, haihesabiki, iko kundi moja na sofa la mwalimu hapo juu. Lakini hizi zilizofuata ulizinunua ili uziuze, ukazitengeneza, ukarudia na kurudia. Watu wananiuliza sana ni vitu vingapi ndo inakuwa biashara, wanataka niwaambie vitano au kumi. Sio idadi. Ukinunua kitu kimoja kwa nia ya kukiuza kwa faida na ukaendelea na mtindo huo umeshaingia, na ukiuza vitu 40 vya nyumba nzima ya marehemu bibi yako hujaingia. Na wala haijalishi umeuzia Facebook, Instagram, kwenye stetasi ya WhatsApp au barazani kwako, kodi ni ileile.

Sasa usishtuke, sio hela ya kukufilisi. Mtu binafsi ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara na mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya makadirio, na jedwali lake linakwenda hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4, sifuri. Yakizidi 4 mpaka 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 ya mwaka mzima, anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakizidi 7 mpaka 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000, mwenye kumbukumbu ni 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Huko juu zaidi ya 11 tutaongea ukifika, inshallah utafika.

Kwako wewe wa milioni 6.3, ukiwa na daftari ni asilimia 3 ya milioni 2.3, yani 69,000. Huna daftari, laki. Tofauti ni elfu thelathini na moja, unaweza kuona ndogo. Ila mwakani ukiuza za milioni 9 na nusu, mwenye daftari analipa 165,000 na asiye na daftari 250,000. Hiyo elfu themanini na tano inaondoka kwa uvivu wa kuandika.

Daftari lenyewe mi huwa nawachorea wateja wangu hivi, nunua kaunta buku ya kawaida, ukurasa ukiufungua upande wa kushoto ni kununua na wa kulia ni kuuza. Kushoto tarehe, friji gani (andika kampuni, rangi na ukubwa, sio "friji ndogo" maana utakuwa nazo sita), umenunua kwa nani na namba yake, bei, chini yake fundi kachukua ngapi na gesi ngapi na guta ngapi. Kulia tarehe, kauziwa nani, bei, kalipa kwa njia gani, na kama ni M-Pesa au Airtel Money andika ile namba ya muamala. Mstari wa friji moja uwe umenyooka kushoto mpaka kulia, ukiona kulia kuna kitu kushoto hakuna ujue kuna siku umepokea hela hujui ya friji ipi. Na lile daftari likijaa usifungie vitumbua, kumbukumbu zinatakiwa zikae si chini ya miaka mitano.

TIN unatakiwa uombe ndani ya siku 15 tangu uanze biashara, umeshachelewa lakini nenda tu, kwenda mwenyewe na kuletewa barua ni vitu viwili tofauti. Inatolewa bure, unahitaji namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Akikwambia mtu elfu ishirini ya TIN huyo anatafuta chakula chake kwako. Ukishasajiliwa mnakadiriana na ofisa mauzo ya mwaka, af unalipa kwa awamu nne, mwisho wa mwezi wa 3, wa 6, wa 9 na wa 12. Mwambie ofisa ukweli kwamba biashara yako inachangamka msimu wa korosho na mwezi wa 4 wa 5 unakaa unapiga miayo, makadirio ya mtu anayejua mzunguko wake yanakuwa ya kweli zaidi. Leseni ya biashara ni jambo lingine, hiyo ni halmashauri, kwako ni manispaa, usije ukadhani ukishapata TIN ndo umemaliza.

Halafu kuna wanaouliza vile vitambulisho vya wajasiriamali vya elfu ishirini. Vile vilitoka Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4, kwa hiyo hata ukikipata cha shangazi yako kabatini hakikusaidii.

*Habari anti, mimi ni mtumishi wa afya Ruangwa, nina mshahara wangu, jioni nauza viatu vya mtumba Instagram. Nachukua belo Dar, nachambua, nauza moja moja. Mauzo hayafiki milioni 3 na nusu kwa mwaka. Hapo sifuri si ndio?* (Mtumishi, Ruangwa)

Hili swali zuri na jibu lake watu wengi hawalipendi. Lile jedwali nililomwandikia dada wa mafriji limetengenezwa kwa mtu ambaye kipato chake chote ni biashara tu. Wewe una mshahara, kwa hiyo ile sifuri ya milioni 4 sio yako.

Kwako inaangaliwa faida, sio mauzo, na faida hiyo inapanda juu ya mshahara wako. Mshahara umeshakula ile nafasi ya kwanza isiyotozwa, yani 270,000 ya kila mwezi, kwa hiyo viatu vinaanzia pale mshahara ulipoishia. Uzuri ni kwamba gharama zako zote za kweli unazitoa, belo, nauli ya basi au mzigo, bando la kupostia, mifuko, na vile viatu vya mguu mmoja mmoja ulivyovikuta ndani ya belo ukavitupa, hiyo nayo ni hasara yako iandike. Mtu wa mauzo ya milioni 3 na nusu akitoa hivyo vyote mara nyingi anabaki na kitu kidogo. Ritani ya mwaka, yani ile fomu ya kutangaza mapato yako, inatakiwa iwe imeingia ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yani mwisho tarehe 30 Juni. Nenda na daftari na salari slipu ukae na ofisa, usimtume mtu.

*Oya anti, mi dalali hapa Lindi, sinunui kitu, watu wananipa picha naposti, mteja ananilipa mimi kwenye simu nachukua changu naye mwenye mali namtumia chake. Kwa mwezi inapita hata milioni mbili ila mimi changu ni asilimia kumi. Hizo zote zinahesabiwa mauzo yangu?* (Dalali, Lindi mjini)

Mauzo yako ni komisheni, sio bei ya kabati la mtu. Tatizo lako ni kwamba simu yako haijui hivyo. Ukiprinti taarifa ya muamala inaonyesha milioni mbili imeingia kwako, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna uwezo wa kudai taarifa hata kwa benki na kwa watu wengine, kwa hiyo wewe ndo unatakiwa uweze kuonyesha kwamba milioni moja na laki nane ilitoka kwenda kwa wenye mali. Tafuta laini ya pili iwe ya udalali tu, hela ya mke, ya mchezo na ya ada za watoto zisipite humo. Na makubaliano ya komisheni yawe kwa meseji, hata ya Kiswahili cha mtaani, "nakuuzia kabati laki tatu nachukua thelathini", akijibu "poa" hiyo inatosha kuonyesha kazi yako ni nini.

*Nikiuza simu yangu niliyotumia miaka miwili nalipa?* (Hakuandika jina, Masasi)

Hulipi. Ila kabla hujaitoa ondoa akaunti zako na ufute vitu, na wewe unayenunua bonyeza *#06# ulinganishe hiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi lake au risiti. Ukikutwa na simu ya wizi maelezo ya "nilinunua kwenye grupu" polisi wanayasikia kila siku, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai linalojitegemea.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Mikindani. Kijana wangu yuko Uingereza anauza nguo za watoto wake zilizowabana kwenye hiyo mitandao yao, sasa mtandao unamdai namba ya kodi na kusema taarifa zake zinapelekwa serikalini. Dada yake yuko Marekani naye kasikia habari ya fomu. Wananiuliza mimi baba yao, mimi hata simu hii nashikiwa. Na je yakija huku?* (Mzee, Mikindani)

Shikamoo mzee wangu. Waambie wasiogope, ila wasipuuze.

Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mitandao kama eBay na Vinted inatakiwa kukusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, ndo TRA yao, na za mwaka wa kwanza zilitakiwa ziwe zimefika tarehe 31 Januari 2025. Mtu aliyeuza vitu visivyofika 30 kwa mwaka na hakupata zaidi ya kama pauni 1,700 haandikwi, zile ni yuro 2,000 maana utaratibu unafanana na ule wa nchi za Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka mmoja kabla, 2023. Akizidi kimoja kati ya hivyo viwili anaandikwa. Kwa hiyo kijana wako mwenye vigauni 35 vya pauni tatu tatu anaweza kuandikwa kabisa na asidaiwe hata senti, ndo maana watu kule nao walipagawa kama huku wakadhani imekuja kodi mpya. Haikuja kodi mpya, kilichokuja ni taarifa. Nguo za wanawe alizonunua madukani na kuziuza kwa bei ya chini hazina kodi. Angekuwa ananunua nguo ili auze, hapo mapato ya biashara ya mpaka pauni 1,000 kwa mwaka yana msamaha, yakizidi anatakiwa ajieleze HMRC. Na kama ana kitu kimoja cha thamani, pambo au saa, kikiuzwa zaidi ya pauni 6,000 kwa faida hiyo ina kodi yake nyingine, ila kwa magauni ya watoto hatufiki huko. Ile namba aipeleke tu, akigoma mtandao unaweza kumfungia akaunti na hela yake ikabaki ndani.

Binti wa Marekani fomu yake inaitwa 1099-K. Hiyo imewachanganya Wamarekani wenyewe. Zamani mtandao ulikuwa unamtolea mtu fomu akizidi dola 20,000 na miamala 200. Sheria ya 2021 ikashusha mpaka dola 600 bila kujali miamala mingapi, watu wakapiga kelele, IRS, ndo TRA ya Marekani, wakawa wanaahirisha mwaka hadi mwaka, mwishowe sheria ya Julai 2025 ikarudisha palepale pa zamani, 20,000 na 200. Baadhi ya majimbo yana viwango vyao vya chini kwa hiyo aulize la kwake. Akiuza kitu chake kwa hasara hana kodi, na hiyo hasara haruhusiwi kuitumia kupunguza kodi ya mshahara. Akiuza kwa faida ana kodi, awe amepata fomu au hajapata.

Huku kwetu mzee, wa kwanza kujitangaza ni muuzaji mwenyewe, anakadiria, anapeleka, ofisa anakagua. Mtu akikaa kimya hajasamehewa, hajafikiwa tu. Wasalimie wanao, na huyo kijana akituma begi la nguo za kuuza huku aje aniulize kwanza habari ya forodha, maana nguo za kuvaa mwenyewe na nguo za duka pale bandarini haziangaliwi kwa jicho moja.

*Anti samahani maswali mawili. Niliuza bodaboda yangu Facebook mwaka juzi, kadi bado ina jina langu, mnunuzi hapatikani. Pia nataka kuposti shamba la mikorosho Tandahimba kwa milioni 8. Kodi?* (Mkulima, Tandahimba)

La bodaboda kwanza. Kama ulikuwa unaendea shambani na msikitini, kuiuza hakuna kodi ya mapato. Kama ilikuwa inabeba abiria hiyo ni mali ya biashara na hesabu yake inaingia kwenye biashara. Lakini kodi sio shida yako kubwa, shida yako ni jina. Umiliki wa chombo unahamishwa TRA, kuna ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, na mpaka ufanyike basi faini za barabarani, na Mungu aepushe ajali, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Chukua ile karatasi ya mauziano kama unayo, nenda polisi ukaandikishe kwamba uliuza tarehe fulani kwa mtu fulani, af nenda TRA nayo. Siku nyingine usikabidhi ufunguo kabla hamjaenda wote wawili kuhamisha, hata mnunuzi akilia.

Shamba sasa. Ardhi ndo ile mali iliyotajwa kwenye sheria, kwa hiyo hapa hatupo tena kwenye mambo ya sofa. Faida ya kuuza ardhi au jengo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10. Ila shamba la kilimo ambalo thamani yake haifiki milioni 10, na limetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuza, limeachwa nje. La kwako la milioni 8 lenye mikorosho inayovunwa linaonekana kuingia humo. Stakabadhi za AMCOS, chama chenu cha ushirika, za misimu iliyopita zinaonyesha kwamba shamba lilikuwa linazaa, zitafute kabla ya kuposti. Na kwa faida ya wengine, nyumba uliyoimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi na ukaishi humo jumla ya miaka mitatu nayo ina nafuu, faida mpaka milioni 15 haiguswi.

*Nimepigiwa simu na mtu anasema ni ofisa kodi, kaona posti yangu ya kuuza kabati, nitume elfu hamsini kwenye namba yake vinginevyo nafungiwa laini. Nimetuma elfu ishirini, bado anasumbua. Nifanyeje?* (Mama lishe, Kilwa Masoko)

Pole sana mama. Usitume hata mia tena. Malipo ya serikali yanapitia kwenye kontroli namba, ile namba maalumu ya malipo, hela inakwenda serikalini moja kwa moja, haipiti kwenye simu ya mtu, na ofisa wa kodi hana kitufe cha kukufungia laini. Halafu kabati lako la nyumbani halina kodi yoyote kama tulivyosema kwa mwalimu. Piga sasa hivi huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia kutuma waeleze muamala, wakati mwingine hela inakutwa haijatolewa. Meseji zake kama zipo zitume pamoja na hiyo namba kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli, af nenda polisi Masoko ukachukue RB, yani namba ya taarifa yako polisi, ukiwa na simu yako mkononi, usizifute meseji hata kama zinakukera.